Bibi Rosamond Carr wa Mugongo

Ukitoka mjini Gisenyi na kushika njia ya Ruhengeri, mji ambao siku hizi huitwa Musanze, joto la ziwa hukuacha upesi. Migomba hupungua, viazi huzidi, na baridi huanza kukuuma vidole. Huko juu, upande wa kushoto, mlima Karisimbi husimama katika mawingu yake, na kimo chake ni mita 4,507. Chini ya mlima huo pana mahali paitwapo Mugongo. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani wa jina hilo. Hapo ndipo alipolima mama mmoja Mmarekani, Bibi Rosamond Halsey Carr, mkulima wa maua, ambaye watu walizoea kumwita Madamu Carr.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini nimemchagua Mzungu, tena mwenye shamba, wakati nchi yetu ina mashujaa wake. Nami nimejiuliza hivyo. Wenye mashamba walikuja wengi katika siku za Wabelgiji, wakalima, wakauza, na mambo yalipokuwa magumu wakafunga masanduku wakaenda zao. Huyu naye aliondoka, wala sitalificha jambo hilo. Lakini kila alipoondoka alirudi, na mara ile iliyokuwa ngumu kuliko zote alirudi akiwa bibi kizee. Habari ya kurudi kwake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1912 katika mji wa South Orange, jimbo la New Jersey, Marekani. Ukulima hakuujua. Kazi yake ya ujana ilikuwa kuchora picha za nguo za mtindo huko New York, zile picha ambazo maduka makubwa yalizitumia kutangaza nguo kabla picha za kamera hazijaenea. Mtu wa kazi hiyo hukaa mezani na kalamu na rangi. Udongo huuona katika bustani za watu. Kama mtu angemwambia wakati ule kwamba ataishi zaidi ya nusu ya maisha yake chini ya milima ya moto ya Afrika, nadhani angecheka.

Mwaka 1942 aliolewa na Bwana Kenneth Carr, Mwingereza, mwindaji na msafiri aliyekuwa ameishi miaka mingi katika Afrika. Bwana huyo alimzidi umri kwa miaka 24. Hadithi zake za Afrika zilimvuta yule binti mchoraji, na ndoa yenyewe ilisimama juu ya hadithi hizo zaidi ya kitu kingine. Lakini hadithi hazitoshi kulisha nyumba. Mwaka 1949 ndoa ilikuwa imeanza kuyumba, wakakata shauri kwenda Kongo pamoja, labda huko wangepatana. Wakapanda meli wakavuka bahari, wakafika Kongo ya Wabelgiji, na mwisho wa safari wakajikuta katika nyanda za juu za Kivu.

Kivu ya siku zile ilikuwa nchi ya mashamba. Wabelgiji, Waitalia na Wazungu wengine walikuwa wamepewa ardhi kubwa kando ya ziwa na juu ya milima, wakapanda kahawa, chai, kwinini na pareto. Walijenga nyumba nzuri, walialikana chai na karamu, na Jumapili walishuka Goma na Gisenyi kuoga ziwani. Upande wa pili wa maisha hayo walikuwako vibarua, ambao hawakualikwa. Katika Ruanda-Urundi, nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Ubelgiji, watu walikuwa wametumikishwa kwa nguvu, tena walichapwa kiboko. Maelfu walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta ujira, na kukwepa kazi za lazima. Nayasema haya kwa sababu Bibi Carr aliingia katika nchi hiyo kwa mlango wa wakubwa. Hakuujenga yeye mlango huo, lakini aliupita.

Afrika haikuiponya ndoa yake. Bwana Carr akashika njia yake, na baadaye wakaachana kwa sheria. Hapo ndipo watu wa kwao walipotazamia arudi Marekani. Alikuwa mwanamke peke yake, hana mtoto, hana mali nyingi, katika nchi ambayo mwanamke wa Kizungu asiye na mume alionekana kama mgeni aliyekosa njia. Asingeaibika kurudi. Lakini alikuwa amekwisha kuizoea kazi ya shamba, na mwaka 1955 akavuka kuja upande wetu kusimamia shamba la pareto la Mugongo. Baadaye likawa lake.

Mwaka mmoja kabla, yaani 1954, Mwami Mutara Rudahigwa alikuwa ameondoa desturi ya ubuhake. Wenyeji wa vilimani walikuwa wameanza kusema mambo ambayo baba zao hawakuyasema kwa sauti. Sijui mgeni aliyekuwa akihesabu magunia ya maua aliyasikia kwa kiasi gani, lakini alifika wakati nchi imeanza kuchemka.

Sasa yanipasa kusema juu ya pareto, maana maisha ya bibi huyu hayaeleweki bila mmea huo. Wanafunzi wenzangu watokao milimani wanaujua, nao huuita ibireti. Ni ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano. Ndani ya moyo huo mna dawa inayoua wadudu, nayo haimdhuru mtu sana. Mmea wenyewe hupenda baridi. Ukiupanda chini, kwenye joto, hustawi majani na kukataa kutoa maua. Ndiyo maana hufaa kule juu, zaidi ya mita 2,000. Zamani nchi iliyouza pareto nyingi kuliko zote ilikuwa Japani, lakini Vita Kuu ya Pili ilipokata njia za biashara hiyo, wakulima wa Kenya, Kongo na Rwanda walipata nafasi.

Kazi yake haina kupumzika. Maua hayaivi siku moja, kwa hiyo wachumaji huingia katika mistari ile ile kila baada ya wiki mbili hivi, wakichuma kichwa kimoja kimoja kwa vidole. Ukichuma mapema dawa haijajaa, ukichelewa imepotea. Kisha maua hayangoji. Yakilala mabichi katika gunia hupata moto yenyewe kwa yenyewe, yakaoza. Hupelekwa siku hiyo hiyo katika banda la kukaushia, hutandazwa juu ya trei, na moto huwashwa chini. Kilo nne au zaidi za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu. Na katika nchi ya mvua kama ile ya chini ya Karisimbi, moto wa banda ndio shamba lenyewe. Ukizimika usiku mmoja, kazi ya mikono mingi imekwenda. Naomba msomaji alikumbuke banda hilo la Mugongo, maana tutarudi kwake.

Mchora nguo wa New York akajifunza yote hayo. Alijifunza kuamka kabla ya jua, kuita majina ya vibarua, kupima mavuno, kulipa mishahara na kutazama mbingu. Katika mashamba ya Kivu na ya huku Kiswahili ndicho kilichosaidia watu wa makabila mengi kuelewana na mwenye shamba. Nyumba yake ilikuwa ya kiasi, mimea ikitambaa ukutani, na mbele yake akafanya bustani ya maua ambayo wageni waliisifu kila walipofika. Watu wa mlimani hawakupanda maua ya kutazama tu, walipanda chakula, na nadhani wengi walimshangaa. Lakini bustani hiyo ilimwokoa baadaye, kama nitakavyoeleza.

Katika nyumba hiyo alikuwako kijana aitwaye Sembagare. Alianza kwa kazi ya nyumbani, akapanda daraja kwa daraja hata akawa msimamizi wa shamba zima. Jina lake halikosekani katika habari za Bibi Carr, wala halipasi kukosekana. Watu husema Bibi Carr alilijenga Mugongo, na ni kweli, lakini shamba la mgeni husimama kwa mtu anayejua nani ni jirani wa nani, nani ana neno na nani, mvua ya mwezi upi ni ya kweli na ipi ni ya kudanganya. Mtu huyo alikuwa Sembagare. Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka hamsini.

Miaka minne baada ya kufika kwake, nchi ilipinduka. Mwami Mutara alifariki ghafula mjini Usumbura tarehe 25 Julai 1959, na mwezi wa Novemba mwaka huo nyumba zikaanza kuchomwa na watu kuuawa. Watutsi wengi wakakimbilia nchi za jirani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikapata uhuru, na siku chache baadaye askari wake wakaasi. Wazungu wa Kivu wakaja mbio kuvuka mpaka, motokaa nyuma ya motokaa, na wengi hawakusimama hata walipofika Uganda. Rwanda nayo ikawa huru tarehe 1 Julai 1962. Rafiki zake wa karamu na chai wakaondoka mmoja mmoja. Mashamba yakabaki bila wenyewe, nyumba zikaingia nyasi.

Bibi Carr alikuwa na sababu zote za kuwafuata. Katika miaka ile ya hatari alipata kuhamishwa, na kila hatari ilipopungua akarudi. Watu waliomwandika husema ni kwa sababu aliipenda nchi. Naona neno hilo ni jepesi mno. Hata wale waliokwenda waliipenda, wakaililia huko Ulaya mpaka kufa. Tofauti ni kwamba walipoondolewa ukubwa hawakuona tena mahali pao, na yeye aliona. Alikubali kuwa mkulima tu katika nchi ya wenyewe, alipe kodi yake, apange foleni ofisini mbele ya karani Mwafrika, ahesabu faranga zake. Si wote waliolikubali hilo.

Mwaka 1967 alifika kwake mgeni ambaye dunia nzima ilikuja kumjua, Bibi Dian Fossey, Mmarekani pia. Huyu alikuwa akichunguza sokwe wakubwa wa milimani, yaani ingagi, upande wa Kongo. Mwezi wa Julai mwaka huo vita vya askari wa kukodiwa vilizuka huko Kivu, akalazimika kukimbia, akafika Rwanda mikono mitupu. Bibi Carr akampokea, akamruhusu apige hema katika shamba lake la Mugongo. Kutoka hapo, kwa msaada wa mama mmoja wa Kibelgiji aitwaye Alyette de Munck aliyeijua sana milima hiyo, Bibi Fossey akapata mahali kati ya Karisimbi na Bisoke, na tarehe 24 Septemba 1967 akaanzisha kituo chake cha Karisoke.

Mabibi hao wawili walikuwa rafiki, lakini hawakufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa mkali, alikaa msituni na kugombana na kila aliyeingia na ng'ombe au na mitego. Mwingine alikaa chini, katika mashamba, pamoja na watu. Tena mmea uliomlisha mmoja ndio uliomtisha mwingine: mwaka 1969 serikali ilikata karibu hekta 10,000 za msitu wa mbuga ili watu wapande pareto, ikauzwe Ulaya. Kwa Bibi Fossey huo ulikuwa msiba. Kwa jamaa maskini waliopewa viwanja ilikuwa chakula. Nimesikia wanafunzi wakibishana jambo hili mpaka kengele ya kulala, na upande wa chakula hushinda kwa kelele, upande wa msitu hushinda kwa hoja, kwa kuwa maji yetu hutoka katika msitu ule. Bibi Carr aliishi kati ya pande hizo mbili, na urafiki wao haukuvunjika. Bibi Fossey alipouawa nyumbani mwake usiku wa Desemba 1985, Bibi Carr alikuwa miongoni mwa waliopanda mlima kumzika. Miaka mitatu baadaye, filamu ya maisha ya Bibi Fossey ilipotoka, mwigizaji Julie Harris aliigiza nafasi ya Bibi Carr. Basi watu wa nchi za mbali wakamjua kama rafiki wa mtu mwingine tu.

Pareto haikumlisha siku zote. Madawa ya kutengenezwa viwandani yalikuwa yameingia sokoni, bei ikapanda na kushuka, na shamba la mtu mmoja likawa halilipi. Hapo ndipo ile bustani ya kutazamwa ilipogeuka mali. Akaanza kukata maua na kuyauza katika mahoteli na balozi. Maua yalikatwa, yakafungwa mafungu, yakasafirishwa kushuka mpaka Gisenyi na kwenda mbali hadi Kigali, na yakitiwa maji mezani yalionekana kama yamechumwa asubuhi ile. Kwa biashara hiyo ndogo aliwalipa watu wake na kujilisha kwa miaka mingi. Hakutajirika. Mwenye kutaka utajiri asingekaa Mugongo.

Nafika sasa mwaka 1994, ambao kila jamaa katika nchi hii wana habari zake, na nyingine hazisemwi mezani. Vita vilikuwa vimeanza tarehe 1 Oktoba 1990. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali, na usiku ule ule mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika muda wa siku mia moja waliuawa, kwa hesabu ya serikali yetu, zaidi ya watu milioni moja. Gisenyi haikungoja. Hapa mjini watu walipelekwa makaburini, mahali palipokuja kuitwa Commune Rouge, wakauawa huko. Leo pana ukumbusho, nasi huenda kila mwaka mwezi wa Aprili.

Nchi za kigeni zikawaita raia wao. Bibi Carr alikuwa na miaka 81. Ubalozi wa Marekani ukaamuru Wamarekani watoke, naye akatolewa, akapelekwa kwao Marekani. Watu wake wa Mugongo hawakutolewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchi nzima: magari ya wageni yaliondoka na wenye pasipoti, na wapishi, walinzi, makarani na yaya wao wakabaki barabarani wakiyatazama. Tarehe 21 Aprili Umoja wa Mataifa nao ukapunguza askari wake, wakabaki 270 tu kwa amri ya Baraza la Usalama. Sembagare alibaki. Alikuwa mmoja wa waliotafutwa ili wauawe, akaponea chupuchupu.

Nimeifikiri sana sehemu hii. Mtu wa umri ule angeweza kufanya nini? Kama angekataa kupanda gari, pengine angekufa, na hakuna ambaye angepona kwa ajili hiyo. Najua. Hata hivyo swali halitoki moyoni: mtu aliyekaa miaka karibu arobaini na watu, akala nao shida za mvua na za bei, siku ile alikuwa na mlango ambao wao hawakuwa nao. Miaka arobaini haikuufunga mlango huo. Naona yeye mwenyewe alilijua jambo hili kuliko mimi, na nadhani ndilo lililomrudisha.

Maana alirudi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, mauaji yalipokuwa yamekomeshwa mwezi mmoja tu kabla, na hewa ya Gisenyi ikiwa bado na harufu ya vita, alirudi. Tarehe 28 ya mwezi huo alitimiza miaka 82. Fikiri, msomaji, nyanya yako wa miaka 82, ambaye kwao kuna amani, daktari na jamaa, anapanda ndege kuja katika nchi iliyovunjika. Alikuta Mugongo limeporwa. Vitu vya maisha yake yote vilikuwa vimekwenda, nyumba imebaki kuta. Alimkuta Sembagare hai.

Wakati huo, upande wa pili wa mpaka, palikuwa na balaa nyingine. Mwezi wa Julai watu wapatao milioni moja walikuwa wamevuka kutoka Gisenyi kwenda Goma katika siku chache, wakalala juu ya mawe ya volkano pasipo maji. Kipindupindu kikawaingia, kikaua makumi ya maelfu. Katika msongamano ule watoto walipotea na wazazi wao, au waliwazika, au walikuwa hawana wazazi tangu mauaji ya Aprili. Watoto wadogo waliokotwa kando ya njia wasiojua jina la kilima chao. Wengine hawakujua hata jina lao wenyewe.

Hapa ndipo turudi kwenye lile banda la kukaushia pareto. Lilikuwa bado limesimama. Bibi Carr na Sembagare wakalisafisha, wakaweka vitanda mahali pa trei, na tarehe 17 Desemba 1994 wakafungua nyumba ya watoto mayatima. Wakaiita Imbabazi. Neno hilo la Kinyarwanda husema huruma, lakini kwa wenye lugha lina joto zaidi, ni huruma ya mama kwa mtoto wake. Mwanamke ambaye hakuzaa akawa na watoto wengi kuliko mama yeyote wa mlima ule, na kazi hiyo aliianza katika umri ambao wengine huketi juani kungoja mwito wa Mungu.

Watoto hawakuchaguliwa kwa kabila. Jambo hili laweza kusemwa kwa maneno machache, lakini siku zile lilikuwa zito. Mtoto ambaye baba yake aliuawa alilala kando ya mtoto ambaye baba yake alikufa uhamishoni, na pengine kando ya mtoto wa muuaji, na wote walikula katika sufuria moja. Walioamka usiku wakipiga kelele waliamsha wenzao wote. Ilibidi kuwatafutia maziwa, nguo, karo, dawa, na fedha ilitoka kwa marafiki wa nchi za mbali ambao Bibi Carr hakuchoka kuwaandikia. Wakati huo huo jamaa wa watoto walitafutwa. Pengine aliposikiwa shangazi au mjomba, mtoto alirudishwa kwao. Zaidi ya watoto 400 walipita katika nyumba hiyo.

Hawakuruhusiwa kukaa kwa amani Mugongo. Mwaka 1997 waasi waliokuwa wakiingia kutoka Kongo, wale watu walioitwa abacengezi, walishambulia sana sehemu zetu za kaskazini, na vilima vya chini ya Karisimbi vikawa vya hatari. Ikabidi watoto washushwe mjini Gisenyi. Safari hii Bibi Carr aliondoka Mugongo pamoja na watu wake, akashuka nao. Wakakaa mjini miaka minane. Walikuwako mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya Goma, watu wa Goma wakavuka kuja kwetu kwa maelfu, na ardhi ya Gisenyi ikatetemeka siku baada ya siku.

Katika miaka hiyo ya mjini yako mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni kitabu chake, Land of a Thousand Hills, alichokiandika pamoja na mpwa wake Ann Howard Halsey, kikatoka mwaka 1999. La pili lanipendeza zaidi. Mwaka 2000 mpiga picha mmoja wa Kimarekani, David Jiranek, aliwapa watoto wa Imbabazi kamera ndogo rahisi, akawaacha wapige picha za chochote walichopenda. Wakapiga ndoo za maji, mbuzi, nyuso za wenzao, mawingu, mtu akicheka. Dunia ilikuwa imezoea kuiona Rwanda kwa macho ya waandishi wa magazeti, na yote ilikuwa maiti na mahema. Watoto waliona mambo mengine. Picha zao zilionyeshwa hapa Gisenyi kwanza, kisha mbali, na picha ya msichana wa miaka minane ikapata tuzo katika mashindano ya Marekani mwaka 2001.

Mwishoni mwa mwaka 2005 watoto wakarudishwa Mugongo. Shamba lilianza tena kutoa maua ya kuuza, na njia ya kupanda mlima ikapitwa tena na magari yenye mafungu ya maua. Bibi Carr alikuwa na miaka 93. Miguu ilikuwa imechoka, lakini alipelekwa juu kuwaona watoto na kutazama bustani.

Alifariki nyumbani kwake hapa Gisenyi tarehe 29 Septemba 2006, akiwa na miaka 94. Ni mwaka ambao baadhi yetu wa darasa la mwisho tulizaliwa. Watu wa kwao wangeweza kumchukua akazikwe Marekani, lakini alikuwa amekwisha kuishi hapa zaidi ya miaka hamsini, na haikuwa shida kujua aende wapi. Alipelekwa juu kwa njia ile ile yalimoshukia maua yake, akazikwa Mugongo.

Sembagare aliendelea na kazi ya Imbabazi. Tangu mwaka 2012 serikali ilipoamua kwamba watoto mayatima walelewe katika jamaa na si katika nyumba kubwa, watoto waliobaki walitafutiwa jamaa, mmoja mmoja, na vitanda vikaondolewa.